Mita Saba za Neustift

Kila mwaka Oktoba inapoingia, watu wanne wa Rosenheim, mji wa bondeni chini ya milima, hukutana kwenye meza yao ya siku zote, ile ya karibu na jiko la kuni, na kuanza kugombania milima. Theluji ya bondeni haiji mpaka Krismasi, na mwenye wazimu wa kuteleza kwa mbao juu ya theluji hawezi kungoja Krismasi. Kwa hiyo wanachagua barafuto moja, yaani ile barafu ya juu kabisa isiyokwisha hata Agosti, na huko ndiko wanakokwenda kila wikendi mpaka mwaka uishe. Moja tu. Mtu wa leo huku kesho kule hajui miteremko yake, mwenye nyumba ya wageni hamjui, na chumba kizuri anapewa mwingine.

Safari hii ugomvi ulikuwa mkali, kwa sababu Zenta Obermüller, ambaye miaka yote hujibu "popote tu, mradi kuna theluji," alikuja na msimamo.

"Hintertux," alisema, hata bia haijafika.

Vroni, mdogo wake, alimtazama kama anayetafuta dalili za homa. "Dada, kule si mwinuko mtupu? Na goti lako hilo walilolipasua majira ya kuchipua?"

"Goti ni langu."

"Ni lako, lakini likikushinda nani atakubeba? Mimi?"

Girgl, mume wa Vroni, mtu wa tumbo kubwa na maneno machache, alisema yeye kwake ni popote penye madonge ya jibini kwenye mchuzi. Kwa upande wake mjadala ulikuwa umekwisha.

Wa nne alikuwa Leonhard Pichlmaier, mrefu, mpole, ndevu za kijivu zilizochanwa vizuri. Aliwahi kufanya kazi ofisi moja na Girgl, na huu ulikuwa mwaka wake wa tatu mezani. "Mimi bado naona Stubai kama mwaka jana," alisema. "Miteremko mipana, jua linafika mapema, na magoti yetu sote si ya jana. Bi Obermüller, nyinyi mnaonaje?"

Haya, mwiba ulikuwa hapo. Nyinyi. Zenta alikuwa mtu mmoja, tena mwembamba, lakini Leonhard alimsemesha kama kwamba amebeba mwenzake mgongoni.

Kwetu mtu mzima usiyemzoea unampa jina la ukoo na unamwambia nyinyi, na huo ndio uungwana. Mlimani ni kwingine. Ukishapita mita elfu moja, nyinyi haina kazi tena: hakimu ni wewe, mchunga ng'ombe ni wewe, na kila mtu ana jina moja tu, lile alilobatizwa. Wengi huitaja kanuni hiyo kwa utani. Leonhard alikuwa mpima ardhi wa wilaya mpaka alipostaafu, na mita kwake hazikuwa utani.

Na tuseme wazi lililokuwa moyoni mwa Zenta, kwa sababu mwenyewe alikuwa amechoka kujificha. Alimpenda Leonhard. Alikuwa mjane wa miaka tisa, mkunga mstaafu aliyepokea nusu ya watoto wa mji, hana haya ya kitu chochote duniani, ila mbele ya mtu huyu ulimi ulikuwa mzito. Kule Stubai, juu ya barafu, alimwita "Zenta", akamwambia "njoo upite huku, wewe ni mwepesi," na Zenta akateleza kama msichana. Kisha jioni wanashuka kulala Neustift, na Neustift, kijiji kizuri kisicho na kosa, kiko mita mia tisa tisini na tatu kutoka usawa wa bahari. Mita saba zilipungua. Msimu mzima mwaka jana, kila jioni mezani: "Bi Obermüller, mngependa chumvi?" Saba tu! Wangejenga nyumba ya wageni kwenye kilima cha nyuma ya kanisa, mambo yangekuwa mengine.

Hintertux vitanda viko mita elfu moja na mia tano. Kule mtu ni wewe mpaka kwenye supu, na asubuhi anaamka bado ni wewe. Hiyo ndiyo sababu nzima. Lakini mwanamke wa miaka sitini na mbili ataisemaje sababu hiyo mbele ya shemeji yake?

Kwa hiyo Zenta alitia chumvi. Alisema barafu ngumu inamfundisha mtu adabu ya kuteleza, akasema foleni za Stubai zimemchosha, akasema hata hewa ya Hintertux ni bora. Leonhard alimsikiliza kwa makini, uso ukimnyong'onyea kidogo kidogo.

"Naona mwaka jana hamkufurahi na sisi," alisema mwishowe.

"Nilifurahi!" Zenta alisema kwa sauti iliyogeuza vichwa vya meza ya pili.

Vroni alikata shauri. Waende Hintertux wikendi moja ya kujaribu, halafu wachague kwa kura. Girgl aliuliza kama madonge yapo. Yapo, akaambiwa. Akainua mkono kabla ya kura yenyewe.

Waliondoka Jumamosi alfajiri, Girgl na Vroni mbele, wao wawili nyuma, mbao za kutelezea juu ya paa. Bonde la Ziller lilikuwa limejaa ukungu. Leonhard alimwuliza Bi Obermüller kama wanapata upepo mwingi kutoka dirishani, na Bi Obermüller, yaani wao, walijibu kwamba hapana. Mayrhofen wakaipita. Finkenberg wakaipita, barabara ikaanza kupinda na kupanda, na masikio yakaziba. Zenta alihesabu kona kimyakimya. Leonhard aliiangalia saa yake yenye kipimo cha mwinuko, akakohoa.

"Zenta," alisema, "umekula chochote asubuhi hii?"

Jamani. Hakuwa amekula, lakini alihisi ameshiba.

Juu, barafu ilikuwa kama Vroni alivyosema. Mwinuko mtupu, ngumu, inang'aa, na kingo za mbao zinaikwaruza kwa kelele. Mwanzoni mwa msimu miguu ya kila mtu husahau kazi yake, hata ya hodari, na Zenta alianguka mara ya kwanza mbele ya kundi zima la vijana wa timu ya taifa fulani waliokuwa wakifanya mazoezi. Alicheka, akainuka. Leonhard alimngojea kila mteremko. Alikuwa na namna ya kusimama chini, mbao zake zikiwa sambamba, akimtazama mpaka afike, bila kumharakisha na bila kumpigia makofi. Zenta alipenda hilo kuliko maneno.

Na jioni! Jioni ndiyo aliyoijia. Chumba cha kulia cha mbao, joto, soksi zinakauka kando ya jiko, madonge ya jibini yanaelea kwenye mchuzi.

"Wewe onja hili langu," Leonhard alisema, akimwekea nusu ya donge kwenye sahani yake. "Lako limeiva mno."

"Na wewe usijinyime," alisema Zenta.

"Mimi nikikuona unakula nashiba."

Girgl aliacha kutafuna. Vroni alimkanyaga chini ya meza.

Leonhard alimsimulia Zenta habari za marehemu mkewe, jinsi alivyochukia theluji na jinsi alivyomfungia chai kila Jumamosi hata hivyo. Zenta alimsimulia juu ya mume wake, aliyeteleza vibaya na kuimba vizuri. Hawakuona huzuni. Walikuwa watu wawili wazima wanaozungumza habari za nyumba zao, na Zenta alilala usiku ule akiwa ameridhika kabisa.

Jumapili goti lilivimba.

Alijikaza kisabuni mpaka adhuhuri, kisha akashindwa. Leonhard alimshusha kwa kigari cha waya hadi kituo cha kati, akamkalisha juani kwenye baraza ya mkahawa, akalifunga goti theluji ndani ya skafu yake mwenyewe. Vroni na Girgl walikuwa bado wanateleza.

"Basi tumepata jibu," alisema. "Wikendi ijayo tunarudi Stubai. Kule miteremko italihurumia goti lako. Hapa utaiona Krismasi ukiwa na mkongojo."

"Siendi Neustift."

"Zenta, mbona mkaidi hivyo?"

"Siendi."

Leonhard alivua miwani yake ya theluji. Macho yalikuwa na wasiwasi wa kweli. "Niambie ukweli. Mwaka jana nilikukosea nini?"

Zenta aliwahi kuwaambia wanawake mambo magumu usiku wa uchungu, akayasema bila kupepesa. Akapiga moyo konde. "Chumvi," alisema.

"Chumvi?"

"Bi Obermüller, mngependa chumvi? Bi Obermüller, mmelala salama? Bi Obermüller, mwavuli wenu huu hapa! Mchana kutwa mimi ni Zenta, tukifika chakula cha jioni nageuka mkutano wa hadhara! Mita saba, Leonhard! Umeniweka chini ya mstari msimu mzima kwa ajili ya mita saba!"

Wanaume wawili wa meza ya jirani waligeuka wakatazama milima kwa bidii. Leonhard alikuwa amekuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Lakini mimi nilikuwa nakungoja wewe," alisema.

"Ukiningoja nini?"

"Uanze. Mwanamke ndiye anayeanza. Mwanamume hawezi kumtangulia mwanamke kumwambia 'niite wewe.' Mama yangu angefufuka anifinye sikio."

"Mkubwa ndiye anayeanza!" Zenta alisema. "Wewe una sitini na saba. Mimi ningekuanzaje? Mama yangu mimi angesema nimelelewa zizini!"

Walitazamana. Kanuni zote mbili ni za kweli, mtu yeyote kwetu atakuambia, na ndiyo tabu yake. Na mambo yangekuwa mepesi kama yangefanywa siku yake. Ule mwaka wa kwanza Leonhard alipoletwa na Girgl, alikaribishwa kwa mvinyo, na Vroni akagonganisha naye bilauri, wakaambiana majina, na tangu hapo wakawa wewe hata bondeni, yakaisha. Zenta alikuwa chooni. Aliporudi bilauri zilikuwa mezani, mazungumzo yamehamia kwenye bei za mafuta, na jambo lililopitwa na siku yake huwa gumu kulianza upya.

Leonhard ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka polepole, mabega yakitikisika, na Zenta akamfuata mpaka goti likamuuma.

"Basi anza sasa," Leonhard alisema.

"Hapa haihesabiki. Hapa hata muuza supu ni wewe."

"Kweli. Haihesabiki." Alifikiri kama mpima ardhi. "Chini, basi. Lakini nani?"

Hawakuafikiana, kwa sababu Girgl alitokea na sinia la viazi vya kukaanga, na Vroni nyuma yake akiuliza nani amekufa.

Wakati wa kurudi gari lilikuwa kimya. Vroni alijaribu kusimulia kitu akaacha. Hintertux ikabaki nyuma, Lanersbach ikapita, kona zikaanza. Zenta alitazama mikono ya Leonhard magotini. Hakuiangalia saa hata mara moja, na hilo lilimwogopesha zaidi. Akinyamaza hivi mpaka Rosenheim? Akisema Bi Obermüller kwa mazoea tu, kwa kuponyoka? Zenta alijua asingelipiza wala kulia. Angekwenda nyumbani tu, na asingerudi mezani Oktoba nyingine.

Nyumba za kwanza za Finkenberg zikaonekana, na Finkenberg iko chini ya mita elfu moja.

"Girgl, simama hapo kituo cha basi," Zenta alisema.

"Kichefuchefu, shemeji?"

"Simama!"

Gari likasimama. Zenta akafungua mlango, akashuka akichechemea, akazunguka hadi upande wa Leonhard. Leonhard alikuwa ameshashuka. Walisimama kando ya barabara, alama za matairi zimechora matope, basi la watalii likipita, na wote wawili wakafungua midomo kwa wakati mmoja, wakafunga. Zenta akaona akimngoja huyu muungwana watalala hapo. Akanyoosha mkono.

"Mimi naitwa Zenta," alisema.

Leonhard aliupokea kwa mikono yake yote miwili. "Na mimi Leonhard."

Hawakuwa na mvinyo. Kulikuwa na chai iliyobaki kwenye chupa ya Leonhard, vuguvugu, na mfuniko mmoja wa kunywea, basi walipokezana, kila mmoja funda moja, kwa heshima yote. Walipomaliza hawakujua la kufanya. Kwa miaka mitatu walikuwa wamejuana, na sasa walikuwa wametambulishwa.

Vroni aliteremsha kioo. Machozi yalikuwa yanamtiririka, ya kicheko au ya kitu kingine. "Mmeshajuana? Haya, maana baridi inaingia. Nampigia simu mama mwenye nyumba ya wageni ya Neustift sasa hivi kabla nyumba haijajaa. Stubai, si ndiyo?"

"Stubai," alisema Zenta.

"Stubai," alisema Leonhard.

"Na vyumba? Sisi kimoja, na nyinyi je? Viwili? Jumla vitatu?"

"Vitatu," Zenta alijibu upesi, uso ukimwaka.

Leonhard alikuwa bado hajauachia mkono wake. Aliinama kidogo ili Girgl asisikie, ingawa Girgl alikuwa amezima injini kusudi asikie.

"Una hakika, Zenta?" aliuliza.