Kura ya Mke wa Fundi Geti

Chuo kizima walimwita Dodoso, kwa sababu dada huyu haruki swali hata umshikie bunduki. Wenzake wa utafiti, jua likiwazidi, walikaa kivulini wakajijazia majibu wenyewe. Yeye hapana. Kila jibu alilirudia kwa mdomo ili mhojiwa alithibitishe, maana ndivyo walivyofundishwa, ndipo aligonge kwenye tableti. Utafiti wenyewe ulihusu siasa: nani anapiga kura, kwa nini, na anaogopa nini.

Siku hiyo alibisha kwa Fundi Geti, mchomeleaji wa vyuma na kinara wa vijana wa chama tawala pale mtaani. Jitu la miraba minne, na mdomo haupumziki. Alimkuta uani na grenda lake la kukatia vyuma. Tableti ikachagua kwa bahati nasibu mtu wa kuhojiwa katika nyumba ile: mke wake, mshonaji.

"Huyo?" Fundi alicheka mpaka akakohoa. "Shemeji, huyo siasa ataijulia wapi? Niulize mimi, nijibu kwa niaba ya nyumba nzima."

"Utaratibu hauruhusu, shemeji. Ni yeye, na tuwe wawili tu."

"Haya bwana. Mama, usinitie aibu!" Akarudi kazini, grenda likaanza kunguruma.

Mke alikuwa chumbani nyuma ya cherehani, mwembamba, mpole, sindano mdomoni. Dodoso akamhakikishia kwamba siri itabaki siri. Kelele za uani zilikuwa hazisemeki, ikabidi wapaze sauti kama watu wanaogombana. Swali la kura lilipofika, mama yule akainama, akamnong'oneza sikioni.

Na Dodoso, kwa mazoea yake yale yale, jamani, mazoea haya! akarudia kwa sauti ya juu: "Umesema ulimpigia mgombea wa upinzani?"

Wakati huohuo grenda likazimwa. Neno likatoka peke yake mpaka uani.

Fundi aliingia na nondo mkononi. Pigo la kwanza lilimpata mkewe begani, mfupa ukalia. La pili likaangusha cherehani. "Mimi nazunguka kuombea chama kura, koo linanikauka, kumbe adui nalala naye! Watu watanionaje?" Akamkamata nywele, akambamiza ukutani uso kwanza, damu ikarukia vitambaa vya wateja.

"Nimekosea mimi!" Dodoso alipiga kelele, akamdandia mgongoni. "Sikusikia vizuri! Amesema chama chako, shemeji, haki ya Mungu!" Fundi akamtupa huko, mdomo ukapiga ukingo wa kiti, jino likang'oka.

Lakini uongo ule ulimfikia. Alishusha nondo, akahema. Alitaka kuamini, ilionekana wazi. "Haya, sema mwenyewe. Ulimpigia nani?"

Pale chini Dodoso akamkodolea macho mama yule: kubali, dada yangu, kubali tu yaishe.

Mke alitema damu. "Amesikia vizuri," akasema. "Kila kitu humu ndani ni chako, hata usingizi wangu. Ile kura ni yangu."

Nondo ikashuka kichwani. Ikashuka tena. Dodoso akanyanyua pasi ya chuma, akamtwanga nayo Fundi kisogoni, na alipoanguka akaendelea kumtwanga, huku analia na kumporomoshea matusi ambayo hakujua kama anayajua. Majirani walipomvuta, Fundi alikuwa anakoroma vibaya. Mkewe alikuwa hapumui.

Alipompigia simu msimamizi wake na kumweleza, mzee yule alijibu: "Pole sana, mwanangu. Wasubiri polisi, usiondoke. Ila maswali hayakuisha, siyo? Basi kaya hiyo itabidi tuibadilishe kwa nyingine. Wewe tulia, mtu mwingine ataingia nyumba inayofuata."

Dodoso alikuwa amekaa kizingitini, blauzi imelowa damu ya watu watatu. Aliichukia sauti ile, akaichukia zaidi alipokumbuka kwamba jana tu angesema vilevile. Akainua macho kuitazama nyumba inayofuata. Mwanamke wa pale alikuwa amesimama mlangoni, mikono kichwani. Alipoona anatazamwa, akaingia ndani upesi, akafunga kwa komeo.