Kiti Kimoja

Wahisani walipomletea mke wangu Gasaro pikipiki ya magurudumu matatu, mtaa mzima hapa Kamembe ulipiga makofi. Nami nikapiga, mjinga mkubwa mimi. Sikuuliza ina viti vingapi.

Mimi ni kipofu, Gasaro miguu yake haina nguvu. Tangu tuoane nilikuwa nikimsukuma kwenye kigari hadi sokoni, yeye mbele, mimi nyuma, akinionyesha njia: "Papa, mutaro ku kushoto. Papa, polepole, kuna batoto." Nilikanda unga, yeye akakaanga sambusa. Watu walitutania kwamba sisi ni mtu mmoja aliyegawanywa, nasi tukacheka kwa sababu ilikuwa kweli.

"Sasa humtegemei mtu!" mgeni mmoja wa wale wahisani alimwambia siku ile kwenye kipaza sauti. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu alipona mmoja.

Gasaro akawa anaondoka peke yake asubuhi, anaimba. Anaimba! Kigari kikabaki uani, kuku wakakifanya chao. Jioni nilimngoja anisimulie habari za soko. Mwanzoni alisimulia, baadaye akawa anakula na kulala. Niliogopa. Siku moja angegundua kwamba hata unga anaweza kukanda mwenyewe.

Basi nikaazima fimbo ya kupapasia njia kwa jirani, bila kumwambia Gasaro. Nilitaka nimfuate sokoni, nisimame nyuma yake kama zamani, ashtuke, acheke. Nilipokaribia msikiti nikasikia pikipiki yake ikija nyuma yangu, bila shaka inatoka kuchukua mafuta ya kukaangia. Furaha ikanipanda. Kisha honi, na sauti yake kali:

"We muntu! Toka mu njia!"

Nikaruka, nikatumbukia mtaroni, ule ule wa kushoto. Pikipiki ikapita. Hakunijua, na nitamlaumuje? Njiani mimi nilikuwa nyuma yake siku zote.

Nilijikokota nyumbani, nikafua suruali, nikaificha fimbo. Jioni Gasaro akaja na hasira zake.

"Papa, leo kidogo nigonge kipofu moya kule ku musikiti. Bantu gani banaacha muntu wabo atembee peke yake vile?"

Goti lilikuwa linaniwaka moto.

"Masikini," nikasema. "Hana bibi?"

"Nitajulia wapi, Papa? Niliona mugongo tu."