Kilo za Mfukoni

Muuza nyama yule, watu waliendelea kumwita Kibonge hata maradhi yalipomkausha akabaki ngozi na mifupa. Uvimbe wa utumboni ulichomwa kwa mionzi, kisha daktari akakata kipande kilichoharibika na kumwachia mfuko ubavuni wa kupokea choo, mpaka siku utumbo utakapounganishwa tena. Sharti lilikuwa moja tu: anenepe kwanza.

"Ule kidogo kidogo, mara nyingi," mtaalamu wa lishe alimwambia. "Uji laini, mayai, samaki."

"Binti yangu, matumbo unanifundisha mimi? Nimeyaosha tangu hujazaliwa."

Na elimu yake ya machinjioni ilisema hivi: ng'ombe halishwi kabla ya kisu, ili tumbo liwe safi. Basi naye akagoma kula. Mkewe akigeuka tu, bakuli linahamia kwa shemeji, aliyekuja kumwuguza na kwa kweli alishaanza kuota mashavu.

Siku ya kurudi kliniki ikafika. Kwenye mambo ya mizani, Kibonge hakuwa na mwalimu. Alitia mawe ya mizani ya buchani katika mifuko ya koti, akapanda mizani ya kliniki kifua mbele kama bwana harusi.

"Hongera baba, umeongezeka!" nesi alisema.

Mkewe akapiga kigelegele. Shemeji akapokea pongezi za uuguzi bila aibu. Daktari naye akatabasamu. "Safi. Wiki ijayo tunakuunganisha."

"Ila daktari," Kibonge akauliza, kama fundi kwa fundi, "huo uzi wenu unashika kweli?"

"Uzi unashikilia kwa muda tu, mzee. Kinachounga ni nyama yako mwenyewe, na yako imepigwa mionzi, inapona polepole. Ndiyo maana tulitaka unenepe. Aliyekonda ukimshona, mshono unaweza kuachia, uchafu ukamwagika tumboni."

"Halafu?"

"Halafu wengine hatuonani nao tena."

Nyama ya ng'ombe aliyekonda Kibonge aliijua vizuri, haishiki hata kwenye ndoano. Wateja alikuwa akiwauzia hivyo hivyo huku akiwasifia, lakini leo mteja alikuwa yeye. Akamtazama mkewe anayejifuta machozi ya furaha. Akaingiza mkono mfukoni, akaweka jiwe mezani. Ngo! Akaweka la pili.

"Nini hivi?"

"Ni zile kilo, daktari."

Mkewe akashika kichwa. "Yaani hata hospitali unawapunja!"

"Hapa nimezidisha, mke wangu."

Daktari alitaka kucheka, akakumbuka cheo chake, akaifuta tarehe ya upasuaji. Mkewe akafungua chupa ya uji palepale, akammiminia mumewe kikombe, akasimama kati yake na shemeji kama askari wa benki.

Kibonge akanywa. Akapumzika, akanywa tena, huku foleni ya wagonjwa ikichungulia mlangoni.

"Kingine kipo?" akauliza.