Hamira Iliyogoma Kuamka

Tangu siku ile mvuke wa sufuria ulipomchoma kifundo cha mkono, Kijiko hakuvuka tena kizingiti cha jikoni. Kidonda kilipona, kikaacha alama ndogo kama punje ya dengu, ila woga ulibaki. Na huyu ndiye aliyekuwa mkono wa kulia wa bibi yake! Hata hilo jina la Kijiko alilipata kwa kulamba vijiko kabla havijafika kwenye maji ya kuoshea. Siku hizi, msichana huyo wa miaka sita anapelekewa sahani sebuleni, anakula peke yake huku akisikiliza wenzake wanavyocheka upande wa pili wa ukuta.

"Mama, mwache tu," mama yake alimwambia Bibi asubuhi, akifunga viatu vya kazini. "Jiko halina miguu, halitamkimbia."

"Jiko halikimbii, mwanangu. Ila woga ukikaa sana huota mizizi."

Basi Bibi akapiga moyo konde: leo mtoto atarudi jikoni, tena kwa mchezo usio na moto hata cheche. Alizima jiko, akaweka birika juu ya kabati, kule kunakowekwa vitu vya kufichwa. Mezani akapanga chupa tupu ya maji, sukari, pakiti ya hamira na puto jekundu. Mdogo wake Kijiko, mvulana wa miaka minne, akapanda kwenye stuli, tumbo mbele.

"Kitendawili!" aliita Bibi, uso kwa mvulana, sauti kwa mlango.

"Tega!" aliitikia mvulana.

Mlangoni, vidole vya mguu vilichungulia kizingitini.

"Nina wageni wamelala kwenye pakiti. Hawana mdomo, lakini wakila sukari wanapumua mpaka nyumba inavimba."

"Mbu!"

"Mbu na sukari wapi na wapi, mume wangu?"

"Basi Babu! Akinywa chai anakoroma."

"Hamira," kikasema kisauti kutoka mlangoni.

Bibi hakugeuka. Paka akikukaribia humtolei macho. "Mke mwenzangu kaninyima mji," alinung'unika tu, akaendelea na kazi. Alitia sukari chupani, akatia hamira, akajaza maji ya bomba hadi nusu, akatikisa, akavalisha puto kwenye mdomo wa chupa.

Wakangoja. Bibi akaosha vikombe. Wakangoja tena. Akamenya vitunguu. Puto lilining'inia vilevile, kama sikio la mbwa mgonjwa. Mvulana akatega sikio kwenye chupa, kisha mdomo wake ukaanza kutetemeka.

"Wamekufa wageni wetu."

"Hawajafa, wanajinyoosha," alisema Bibi. Aliisoma pakiti kwa kuinyoosha mbali na macho. Haikuwa imeharibika. Yeye na hamira ni watu wa siku nyingi, haijawahi kumuaibisha mbele ya watu. Na leo, siku ambayo ameitegemea!

"Bibi."

"Abee, mke mwenzangu."

"Umewapa maji ya baridi."

Bibi akaigusa chupa kwa kiganja.

"Si ulinifundisha mwenyewe?" Kijiko aliendelea palepale mlangoni. "Maji ya hamira ni kama ya kumwogesha mtoto mchanga. Unapima kwa kiwiko."

Kweli tupu. Kwa kumhurumia mtoto, Bibi alifukuza kila chenye joto humo ndani, na hamira ikapigwa baridi bila kosa lake.

"Nilitaka tucheze bila moto," alisema.

"Bila moto sawa. Bila joto wataamkaje?"

"Haya, tufanyeje?"

"Weka chupa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu."

Bibi alishusha birika kabatini, akawasha jiko na kulibandika. Lilipoanza kuvuma, vile vidole vikatoweka kizingitini, na moyo wa Bibi ukashuka navyo. Akamimina maji kwenye beseni.

"Yamezidi hayo! Mvuke unatoka!" Sauti ilitoka nyuma ya mlango.

"Kiwiko changu kizee, mwanangu. Moto na baridi kwake ni ndugu."

"Ongeza ya baridi. Tena. Usiweke chupa kwanza!"

"Mpaka lini?"

"Mpaka... ngoja."

Akaingia. Alitembea akiambaa na ukuta, ule mkono wenye alama ameuficha kwapani. Mvulana alifungua mdomo apige kelele. Bibi akauziba kwa kijiko cha sukari. Kijiko akakunja mkono wa gauni upande ule usio na alama, akayatazama maji kwa muda, akachovya kiwiko. Akakitoa. Akakirudisha.

"Yamepoa sana. Ongeza ya moto kidogo. Mimina mbali na mimi."

Bibi akamimina pembeni kabisa ya beseni, kwa mkondo mwembamba kama uzi. Kijiko alifumba macho, lakini miguu haikuondoka.

"Hapo hapo," alisema. Chupa ikawekwa.

Haikuchukua muda mrefu sana, povu likapanda, puto likainua shingo, kisha kichwa.

"Wanaamka! Wanaamka!" Mvulana nusura aanguke na stuli yake.

Kijiko hakulitazama puto. Kiwiko chake kilikuwa bado kwenye maji, kinalinda.

"Bibi, yakipoa utaongeza tena?"

"Nitaongeza, wewe ukiniambia."

"Basi niletee kiti," alisema Kijiko. "Nimechoka kusimama."