Picha Ishirini na Nne za Ngome

Mimi sijawahi kufika Japani na sitafika. Magoti yangu yamesukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini miaka kumi na mitano, hayataki tena habari za milima. Lakini iko ngome moja ya mawe huko, gofu la miaka mia tano juu ya mlima, ambayo nimeipanda nikiwa nimekaa mezani kwangu Lewisham mara nyingi kuliko nilivyopanda ngazi za kanisa. Ninazo picha zake ishirini na nne. Alizipiga mdogo wangu Godson, na nyuma ya kila moja aliandika namba na maneno machache kwa penseli.

Godson alikuwa anasomea uinjinia hapa London, mtu wa kupenda kuta tangu utotoni. Mwaka 1999 chuo chake kilimchagua aende na timu ya kupima magofu hayo. Wakati huo mama yetu alikuwa mgonjwa Machame.

"Usiende mbali," nilimwambia. "Hali ya mama si nzuri."

"Wiki tatu tu, kaka."

Mama hakungoja wiki tatu. Alifariki Godson akiwa mlimani, analala kwenye hema, mahali pasipo na simu. Ujumbe ulimfikia siku ya tano baada ya mazishi. Sasa, kwetu Uchagani mtoto wa mwisho wa kiume ndiye mwenye nyumba ya mama, na macho yote yalikuwa yanamtafuta yeye pale kaburini. Nilitupa udongo kwa niaba yake huku wajomba wananong'ona. Aliponipigia simu analia, nilimjibu kwa maneno mawili: kwangu usikanyage.

Miaka minne hakukanyaga.

Ila lazima nieleze kidogo kuhusu sale. Sale ni mmea wetu. Tunaupanda kwenye uzio wa kihamba, shamba la nyumbani la ukoo, na tunaupanda makaburini, na aliyekosa akitaka kusamehewa huchukua jani lake, akalifunga fundo, akampelekea aliyemkosea. Akishalitoa, hunyamaza. Aliyeletewa ndiye anayesema kwanza. Kulikataa ni jambo la kuogopwa, hata wazee wenye roho ngumu kama jiwe la kusagia hawathubutu. Hapa London mmea huohuo ni pambo, utaukuta benki na kwa daktari wa meno, na hakuna anayeushangaa.

Siku moja ya Aprili 2003 nilirudi kutoka shifti, mke wangu Ann akanipokea mlangoni.

"Shemeji alikuja. Nimemkaribisha weee, akasema hakai. Ameacha hiki, na envelope."

Kilikuwa chungu cha plastiki chenye sale changa, jani moja limefungwa fundo. Ubavuni kibandiko cha bei kilikuwa bado hakijabanduliwa. Nilijua ni nini. Sitajitetea kwamba sikujua.

"Sale lina bei?" nilimwambia Ann. "Tangu lini sale likanunuliwa supermarket? Akitaka msamaha akakate la nyumbani, kwenye uzio wa mama."

"Leonard, huyo ni mdogo wako."

"Ndiyo maana namfundisha."

Ann aliyafikisha maneno hayo kwa Peris, mke wa Godson, akidhani anasaidia. Mimi sikulikataa sale, wala sikulipokea. Nililiweka dirishani. Bahasha niliipapasa nikajua ni picha, nikasema anataka kunionyesha mawe yake aliyoyathamini kuliko mama, nikaitupa kwenye droo. Kila nilipomwagilia ule mmea nilijiambia, wacha asubiri kidogo. Kusema kweli nilifurahia kusubiriwa. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi nikilikumbuka.

Juni 2004 Peris alipiga simu. Godson ameanguka kazini, moyo, hakuinuka tena. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu.

Njiani kwenda kwao Harrow nilishapanga kila kitu kichwani: tunamsafirisha, analala Machame ubavuni mwa mama. Nilimkuta Peris ameketi chini kwenye zulia na kina mama wa kanisani. Nikaanza kueleza mipango yangu.

"Shemeji, haendi," akasema.

"Unasemaje?"

"Aliwahi kuniambia, nikifa kaka hajapokea sale, nisilazwe karibu na mama, sitajua nimwambie nini. I promised him."

"Basi napokea! Napokea sasa hivi, watu wote hawa mashahidi!"

"Ulikuwa na miezi kumi na minne, shemeji."

Hakupaza sauti. Ningeshukuru kama angepaza.

Tulimzika Harrow, kwenye mistari ya makaburi ya watu tusiowajua. Niliporudi nyumbani nilifungua droo, nikaketi mezani na koti langu la msiba, nikaanza kupanda mlima.

Picha za mwanzo ni njia tu, imebanwa na miti mirefu iliyonyooka. Kisha handaki kavu lililojaa majani. Kisha ukuta, na hapo hata mimi nilishangaa: mawe yasiyochongwa, makubwa kwa madogo, yamepangwa bila tone la udongo, kama baba alivyokuwa akipanga mawe kandokando ya mfereji wetu. Nyuma yake Godson ameandika, "Baba angekosoa hii." Nikacheka peke yangu. Namba kumi na moja ni lango lisilo na mlango. Namba kumi na tano ni kisima kilichofunikwa mbao. Namba kumi na nane ni pembe ya ukuta uliomwagika chini, mizizi imeingia katikati ya mawe, na maneno yalikuwa mengi kidogo: "Hii haikubomolewa na adui. Ilitoka amri, wenyewe wakaing'oa. Walitoa mawe ya pembeni tu, kaka, mengine yalianguka yenyewe."

Ya ishirini na nne ni kileleni. Hakuna jengo, yamebaki mawe ya msingi yaliyopangwa kwa safu, na ukungu bondeni. Godson ameketi juu ya jiwe moja, amevua viatu, anacheka mpaka meno ya nyuma yanaonekana. Sikumbuki kumwona amecheka hivyo tangu alipokuwa mdogo. Niligeuza.

"Tarehe 14 Agosti, saa kumi jioni ya huku. Nilikuwa na furaha sana. Baadaye nikahesabu saa: ndipo mlipokuwa mnamshusha mama. Naomba unisamehe furaha hii."

Nililia mpaka Ann akaja kunishika mabega.

Sale halistahimili baridi ya nchi hii. Likiachwa nje wakati wa baridi linaoza. Kwa hiyo kila Mei nalitoa dirishani, nalipakata kwenye treni, nabadilisha mara mbili hadi Harrow, nalipanda kaburini kwake. Oktoba nalichimbua, narudi nalo nyumbani. Abiria hunitabasamia, wanadhani mzee anapenda maua.

Nikishalipanda nachagua jani moja zuri, nalifunga fundo. Kisha nanyamaza, nimesimama, nasubiri yeye aseme kwanza.