Mfumo Uliokatika Baada ya Chai

Kabla sijafungua begi, Luciana aliniambia anachotaka. Hakuwa na haja ya mfumo wa kompyuta kupona. Alitaka nimwambie kama ni birika.

"Shemeji, ukikuta ni birika langu, niambie hivyohivyo," alisema. "Usinionee huruma."

Nikamjibu sawa. Ilikuwa wiki ya tatu tangu tumzike mumewe, Calist, rafiki yangu wa tangu sekondari. Mimi nilikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Toka siku ile nilikuwa kama mguu uliokufa ganzi: unaona upo, ila haukuambii chochote. Nilikula, nilioga, nilifunga nyaya za watu kule Shelui. Nilipoitwa Itigi nikapanda gari nikaja.

Ofisi ya chama cha wafuga nyuki ina kompyuta tatu. Mbili ziko mezani, moja ya Calist na moja ya Luciana. Ya tatu, ile kubwa, iko stoo kati ya ndoo za asali, na ndiyo inayotunza data za mizinga yote. Zile mbili huchota humo kwa waya. Aliyezifunga ni mimi, mwaka jana. Kila mzinga una namba yake, na bila namba mnunuzi hapokei asali.

Miezi ya karibuni mfumo ulianza kukatika, tena kwa ratiba: baada ya chai ya saa nne. Birika la umeme alilileta Luciana kutoka nyumbani kwake. Katibu wa chama, Yustina, mama asiyejua kunong'ona, alishakata shauri kwamba birika linanyonya umeme na mashine inakosa. Ijumaa moja Calist alikwenda kunywa chai akiwa ameingiza mizinga themanini ya kijiji cha Mitundu, hajaihifadhi. Aliporudi mfumo umekata, na namba zimepotea. Mkaguzi wa mnunuzi alikuwa anafika kesho yake. Calist akawasha pikipiki kwenda Mitundu kunakili namba upya, na kwenye kona moja yenye mchanga akakutana na fuso.

Msibani Yustina akasema mbele za watu kwamba chanzo ni birika. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa anasimulia tu. Lakini mama yake Calist alikuwa amekaa palepale kwenye mkeka. Tangu siku hiyo hamwiti Luciana kwa jina, anamwita mwenye birika. Siku ya kuanua matanga alikataa kunawishwa naye, na ukoo mzima uliona.

"Amesema nirudi kwetu," Luciana aliniambia akiwa amesimama mlangoni pa stoo. "Na Peniel ameshambakiza kwake."

Peniel ni binti yao. Ana miaka minne.

Nikaanza kazi. Watu hudhani fundi huanza na akili, kumbe huanza na waya. Taa za swichi, kile kisanduku kinachounganisha nyaya za kompyuta, zilikuwa kijani zote. Niliibishia hodi ile kubwa kutoka kompyuta ya Luciana, ikaitika. Nikabadilisha waya, basi tu, nijiridhishe. Nikamwambia Luciana achemshe maji. Birika likanguruma huku nimeshika kipima umeme kwenye soketi, na umeme haukutikisika. Akachemsha tena, na tena, macho yake hayatoki mikononi mwangu. Mfumo ulikuwa mzima.

"Sasa tufanye kama siku zote," nikasema. "Tunywe chai."

Tukanywa, na Yustina naye, bila maneno mengi. Tuliporudi Luciana alibonyeza, kioo kikamwambia hakioni data. Nikaenda stoo. Ile kubwa ilikuwa nyeusi na kimya. Nikagusa kipanya, ikaamka.

"Imerudi!" Luciana akaita kutoka mezani.

Hapo nikajua. Mwishoni mwa mwaka jana mwenyekiti alilalamika kwamba mashine inamaliza yuniti za umeme wa LUKU hata isipotumika. Nikamwambia nitaifundisha kulala. Nilikusudia kioo peke yake. Kwa haraka zangu nikalaza mashine nzima, kila ikikaa dakika ishirini bila kuguswa wala kuchotwa data. Wao wakinywa chai, yenyewe inalala, na zile mbili zinabaki kubisha hodi kwa aliyelala. Ukienda kuiangalia unaigusa, inaamka, unaikuta nzima. Mwenyekiti aliisifu sana. Alisema ni mashine yenye adabu.

Na Calist alinipigia simu, Jumatano, siku mbili kabla. Nilikuwa Shelui, juu ya paa la mtu.

"Nathan, huu ni ugonjwa gani? Mezani imekata, nikienda kuiangalia ni nzima."

Mwanafunzi wa mwezi mmoja angejua. Mimi nilicheka. Nikamwambia, "Inakuogopa, bwana. Nitakuja wiki ijayo."

Nikafungua mipangilio. Ilikuwepo pale, ishirini. Nikaiondoa, nikaweka isilale kabisa. Nilisubiri nisikie kitu, hata majuto. Sikusikia chochote. Niliwaza tu kwamba stoo ile ina vumbi.

"Ni nini?" Luciana alikuwa nyuma yangu.

"Umeme," nikasema. "Umeme wa hapa haujatulia."

Sikuwa nimeupanga ule uongo. Ulikuwa karibu, nikauokota. Birika sikulitaja, na wala halikuhitaji kutajwa.

"Asante kwa kutonificha," akasema.

Alikwenda akachomoa birika, akamwaga maji nje, akaviringisha waya wake vizuri. Kisha akavuta droo akaanza kutoa vitu vyake, kalamu, kitana, picha ya Peniel, akivipanga kwenye mfuko. Hakulia. Yustina alimtazama, akanigeukia.

"Si nilisema?"

Nasikia watu husema kweli kwa sababu roho inawauma. Yangu haikuuma. Nilisema kwa sababu ile "si nilisema" iliniudhi.

"Mama Yustina, nyamaza. Siyo birika. Ni mimi."

Nikawaingiza stoo wote wawili nikawaonyesha. Nikaeleza ya yuniti, ya dakika ishirini, ya simu ya Jumatano. Yustina akajiziba mdomo. Luciana alikuwa na maswali mawili.

"Ungemwelekeza kwenye simu, angeweza kurekebisha mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Kwa muda gani?"

"Dakika moja. Mbili."

Kisha akatoa simu yake, akampigia mama mkwe wake, akaweka sauti ya juu.

"Shikamoo, mama." Hakuitikiwa. "Nathan yupo hapa. Ana neno na wewe."

Akaniwekea simu kiganjani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu!" Sauti ilifunguka yote. "Nathan, wewe ndiye Calist niliyebakiwa naye. Hujambo? Umefika? Umejionea mwenyewe hilo birika?"

Nikamwambia. Sikupunguza neno. Upande wake nilisikia mtoto akiuliza, "Bibi, nani huyo?" na hakujibiwa. Nilipomaliza nilingoja anilaani, na ningeshukuru.

"Mpe mke wa mwanangu simu," akasema.

Luciana aliipokea kwa mikono miwili, na mama akamwita kwa jina lake. "Abee, mama," akaitika, na ndipo akalia, kwa sauti, ameegemea ndoo za asali. Yustina akaenda kumshika. Nikafunga begi langu, nikapita katikati yao, nikatoka bila kuagwa.