Maziwa ya Dada

Meneja alifanya kazi miaka kumi na tisa katika viwanda vya maziwa vya nchi tatu kabla ya kurudi kusimamia kiwanda cha kwao. Wiki ya pili tu, mpimaji alimwita mapokezi: maziwa ya dumu moja yalikuwa na mabaki ya dawa. Dumu lilikuwa la dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki.

"Ng'ombe alivimba kiwele, nikamchoma sindano juzi," dada alinong'ona. "Mdogo wangu, changanya tu na ya wenzangu. Nani atajua?"

Wakulima kwenye foleni walitega masikio. Meneja alikumbuka kiwanda cha nchi ya pili, alikompitishia rafiki yake maziwa kama hayo. Mtoto mmoja mwenye mzio wa dawa ile aliyanywa, akalazwa, asirudi tena nyumbani. Siri hiyo hakumwambia mtu.

Akapiga moyo konde. "Yamwageni."

Dada alitazama maziwa yakiishia mtaroni. "Haya, bosi," alisema, na watu wakamcheka.

Jioni meneja alimfuata jikoni kwake, akamsimulia habari za yule mtoto. Dada alisikiliza akiosha vyombo, amempa mgongo.

"Pole," alisema mwishowe. "Lakini haya ungeyasema kule kule, mbele ya walionicheka."

Tangu hapo dada hupeleka maziwa kiwanda kingine. Wakikutana msibani, husalimiana kama majirani.